Mzazi na Mtoto Katika Kikaango Kimoja

Ndugu wanafunzi, nilipokuwa nikisoma Japani, fedha zangu zilikwisha kabla ya mwezi kwisha, nikaingia mtihanini na njaa. Nilishindwa. Ndipo mwenzangu wa bwenini aliponifundisha kupika oyakodon. Oyako maana yake ni mzazi na mtoto, yaani kuku na yai. Don ni bakuli la wali.

Kwa mtu mmoja, tia kikaangoni robo kikombe cha maji, kijiko 1 kikubwa cha mchuzi wa soya, kijiko 1 kidogo cha sukari, na nusu kitunguu kilichokatwa vyembamba. Yakichemka, tia vipande vidogo vya kuku, ufunike mpaka viive kabisa. Piga mayai 2 kidogo tu, uyamimine juu, ufunike tena mpaka yashikane. Pakua juu ya wali wa moto.

Ukitia nyama ya ng'ombe badala ya kuku, jina hugeuka kuwa tanindon, kwa kuwa tanin ni mtu asiye jamaa.

Mtihani uliofuata nilifaulu. Basi jifunzeni kupika mngali shuleni. Msingoje kufundishwa na njaa.