Kabla Gunia Halijapanda Mizani: Vidokezo Saba vya Biashara ya Haki Kisenyi

Kisenyi, katikati ya Kampala, mashine za kusaga hazipumziki. Mahindi yanashushwa kwenye malori, yanakobolewa, yanasagwa, na muda si mrefu unga umeshafika kwenye masufuria ya shule za bweni. Sasa fikiria lori moja limeegesha mbele ya mashine yako. Mahindi hayajakauka vizuri, bei ni ya chini, na mwenye mzigo ana haraka. Utanunua? Maswali ya namna hii wanafalsafa wameyachambua kwa zaidi ya miaka 2,000, na uchambuzi wao unamfaa msagaji kama unavyomfaa profesa wa Makerere. Haya saba yashike kabla hujatoa pesa.

1. Anza na sheria, lakini usiishie hapo

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo. Uganda, msimamizi wa viwango ni Shirika la Taifa la Viwango (UNBS). Ukivuka mipaka hiyo umekosa, hakuna la kujadili. Hata hivyo, yapo mengi ambayo kiwango hakiyagusi. Hakikuambii umtendeeje mkulima aliyetoka mbali bila kujua bei ya leo mjini. Hapo sheria imenyamaza, na maadili ndiyo yanayozungumza.

2. Hesabu matokeo, na umhesabu hata asiyekuwepo

Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill walifundisha kwamba tendo hupimwa kwa heri au madhara linayowaletea wote linaowafikia. Basi hesabu. Mahindi yenye unyevu yakirundikwa huota kuvu, na kuvu hutoa sumu. Huioni, huinusi, na kupika posho (ugali) hakuiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huweza kuleta saratani ya ini. Ikizidi huweza kuua upesi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyohiyo, na hata aliyeanika yake juu ya turubai akakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kiwango cha sumu. Uzembe wa wachache uliwagharimu wengi.

3. Uliza: je, na kila mtu akifanya hivi?

Hili ni swali la Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18. Tuseme unapunguza nusu kilo katika kila gunia. Je, ungependa kila mwenye mizani Kisenyi afanye hivyo? Wakifanya wote, hakuna atakayeamini mizani ya mwenzake, na wizi wako wenyewe hautakuwa na faida. Unategemea uaminifu wa wengine ili uwaibie. Kant alisisitiza pia kwamba binadamu asigeuzwe chombo cha kutimizia haja za mwingine. Mchukuzi anayebeba gunia la kilo 100 ana mgongo unaouma kama wako.

4. Panga malipo kana kwamba hujui wewe utakuwa nani

Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, alipendekeza tutunge kanuni kana kwamba hatujui nafasi zetu katika jamii. Kisenyi jaribio hili lina uzito. Yupo mwenye mashine, yupo mchukuzi, yupo mama anayepepeta nafaka, na wapo Wasomali wengi walioikimbia nchi yao wakaanza upya hapa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi. Kama kesho ungeamka ukiwa mmoja wao, bila kujua yupi, ungeukubali ujira unaolipa leo? Ukisita, ujira huo haufai.

5. Kilicho chini kiweke juu

Kati ya vidokezo vyote, hiki ndicho kinachookoa wengi, na wafanyabiashara Waislamu wa Kisenyi wanakijua tangu madrasa. Hadithi iliyopokewa katika Sahih Muslim inasimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, akakuta imelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akawakana wanaohadaa. Angalia vizuri: kosa halikuwa mvua, wala kuuza nafaka iliyolowa. Kosa lilikuwa kuificha. Kitabu cha Mithali nacho kinailaani mizani ya udanganyifu. Kwa hiyo unga wa zamani usiuchanganye na mpya kimyakimya. Sema, teremsha bei, mnunuzi aamue. Ila wenye sumu hausafishwi kwa kusema: huo usiuze kabisa.

6. Utambue mgongano wa maslahi mapema

Mtunza stoo wa shule ananunua unga kwa shemeji yake. Huenda unga ni mzuri, lakini siku ukiwa mbaya, atamkatalia shemeji? Mgongano wa maslahi huanza kabla ya wizi wowote, na dawa yake ni kuutangaza na kumwachia mwingine uamuzi. Kuhusu zawadi, jiulize kama ungeipokea mbele ya bodi nzima ya shule. Kama ungeificha, hiyo ni hongo. Na usidhani hongo ni kesi za maofisa wa serikali tu: Sheria ya Uganda ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inaigusa sekta binafsi pia.

7. Visingizio vijue kwa majina

“Wote wanafanya.” “Bosi kaniagiza.” “Ni kidogo tu.” “Biashara ni faida.” Hicho cha mwisho watu humsingizia Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani, aliyeandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida. Lakini yeye mwenyewe aliweka sharti: pasiwe na hadaa wala ulaghai. Mwaka 1984 R. Edward Freeman akaenda mbali zaidi, akataka kampuni iwaangalie wadau wake wote: wafanyakazi, wateja, wauzaji na majirani. Ukisikia kisingizio kinakujia mdomoni, simamisha biashara kwanza.

Basi turudi kwenye vitendo. Nunua kipima unyevu, kitumie mbele ya mwenye mzigo, na umwonyeshe namba. Mizani yako ikaguliwe na UNBS. Mahindi yasiyokauka yarudishe yakaanikwe. Wafanyakazi wako waambie wazi kwamba hutawafukuza kwa kukataa mzigo mbovu, na siku wakikataa, simama nao. Mtoto wa shule ya bweni hana namna ya kuupima unga anaopikiwa. Anakutegemea wewe umpimie, usimwangushe.