Imla na Sikio la Mtoto

Wakati wa mazoezi ya kufundisha huko Mkata, wilayani Handeni, tuliketi nyuma ya Darasa la Pili tukifuatilia somo la imla. Mwalimu alitamka "suta". Mtoto mmoja akaandika "uta". Akatamka "fuka", mtoto akaandika "uka". Sisi wenyewe, kwa haraka, tuliandika katika daftari letu: "Hana makini." Baadaye tuliyafuta maneno hayo.

Sauti ni mitetemo ya hewa, na idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa masafa. Sikio zima la kijana husikia masafa ya kuanzia 20 hivi hadi 20,000. Ndani ya sikio mna mfereji uliojizungusha kama kombe la konokono. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba mawimbi ya sauti nyembamba hufikia kilele karibu na mlango wa mfereji huo, na ya sauti nzito karibu na ncha yake. Mpangilio huo haupotei njiani. Katika gamba la ubongo, ubavuni mwa kichwa, chembe za neva zimepangwa mithili ya vibao vya marimba: kundi moja huitika zaidi sauti nzito, jirani yake sauti nyembamba kidogo, na kuendelea hivyo.

Irabu zina nguvu nyingi katika masafa ya chini, lakini nguvu ya "s" iko juu ya 4,000. Hivyo mtoto aliyepoteza masafa ya juu husikia vyema u na a. Akiitwa jina, hugeuka; ndiyo sababu hashukiwi. Kumpigia kelele hakufai, kwani kelele hukuza irabu kuliko "s" na "f". Na pale Mkata, malori ya barabara ya Chalinze hadi Segera huongeza tatizo, maana mngurumo mzito hufunika sauti nyembamba.

Kuchelewa kuna hasara. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba sehemu ya gamba iliyonyimwa masafa yake huanza kuitika masafa ya jirani.

Mwalimu asichanganye jambo hili na athari ya lugha ya nyumbani. Anayesema "samani" badala ya "thamani" huenda anasikia barabara, ila ulimi haujazoea.

Tulimpeleka mtoto wetu chini ya mti, mbali na barabara. Akitutazama midomo, alirudia kila neno sawasawa. Tuliposimama nyuma yake na kusema kwa sauti ya kawaida, "suta" ikawa tena "uta". Tulimhamishia dawati la mbele, mkabala na mwalimu, na mama yake akapewa barua ya kwenda hospitali. Tuliandika hivi: "Husikia irabu. Hasikii s wala f asipoona midomo."