Mafunzo ya Theolojia kwa Viongozi wa Kanisa Ishiara: Alipe Nani, na Alipe Lini?

Gharama kubwa ya masomo ya theolojia kwa kiongozi wa kanisa la mashinani iko wapi hasa?

Wengi hutaja karo, lakini karo ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi siyo iliyo nzito zaidi. Ishiara, mji wa soko ulioko Mbeere Kaskazini kwenye barabara ya Embu kuelekea Meru, umezungukwa na mashamba ya nyanda kame yanayotegemea ndengu, mtama, maembe, mbuzi na, siku hizi, muguka. Na mwinjilisti au mzee wa kanisa wa huko kwa kawaida hula jasho la shamba lake, si mshahara wa kanisa. Akienda kukaa miaka mitatu chuoni, tuseme Chuo Kikuu cha St. Paul's kule Limuru, hulipia bweni na chakula huku shamba likikosa mtu wa kupanda mvua za Oktoba zinapoanza, kusanyiko likikosa mhubiri, na mwenzi wake akiachiwa karo za watoto peke yake. Hakuna barua ya kujiunga na chuo inayoorodhesha hasara hizo.

Je, inawezekana kusoma bila kuhama nyumbani?

Inawezekana, na njia yenyewe si ngeni. Elimu ya theolojia kwa enezi, ambayo makanisani huitwa TEE tu, ni utaratibu ambao mwanafunzi husoma nyumbani kitabu kilichotungwa kwa ajili ya kujifundisha, hujibu maswali yaliyomo, kisha hukutana na mkufunzi na wanafunzi wenzake kwa vipindi maalumu, aghalabu mara moja kwa juma. Ulianza mwaka 1963 katika seminari ya Kipresbiteri ya San Felipe, Guatemala, ambako Ralph Winter na James Emery, na baadaye Ross Kinsler, waliona kwamba vijana waliopelekwa mjini kusoma hawakurudi vijijini, ilhali watu wazima waliokwisha kuaminiwa na makusanyiko yao hawakuweza kuondoka. Msomi wa elimu Ted Ward aliufananisha mpango huo na ua wa fito: fito moja ni masomo ya kitabuni, ya pili ni huduma ya kila siku, na nguzo zinazozishika zote mbili ni vile vikao vya pamoja. Kulegea kwa nguzo ndilo tatizo la mipango mingi, kwa kuwa vitabu hugawiwa kwa shangwe na mkufunzi haonekani tena.

Katika eneo la Mlima Kenya, David Gitari, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Mount Kenya East kuanzia 1975, aliitumia njia hii sambamba na Chuo cha St. Andrew's kilichoko Kabare, Kirinyaga. Dayosisi hiyo iligawanywa mwaka 1990 ikazaa Kirinyaga na Embu, na Mbeere ikapata dayosisi yake mwaka 1997.

Nani anapaswa kulipa?

Mfadhili wa ng'ambo husaidia, hasa katika kuchapa vitabu, lakini anayelipa kila kitu huishia kuchagua pia kinachofundishwa, na siku akiondoka darasa hufungwa. Ni afadhali mwanafunzi, kusanyiko lake na dayosisi wagawane gharama, hata kama fungu la mwanafunzi ni dogo sana. Jambo ambalo halijafikiriwa vya kutosha ni wakati wa kulipa. Karo ya muhula unaoanza Septemba hudaiwa ghala likiwa tupu, ilhali ndengu za mvua za vuli huvunwa kuanzia Januari. Makanisa yenyewe yanaujua mwendo huu, kwa maana sadaka za mavuno huletwa madhabahuni kwa debe la ndengu, kuku au mbuzi, na baada ya ibada hupigwa mnada uani. Sehemu ya mnada huo ikitengwa kwa nauli ya bodaboda ya mkufunzi na kwa vitabu, kundi la wanafunzi wachache laweza kuendelea mwaka mzima bila barua ya kuomba msaada.

Simu haijaondoa tatizo hili la gharama?

Imepunguza gharama ya vitabu, basi. Bando hununuliwa kwa pesa, na mzee wa miaka 60 hujifunza zaidi akibishana na wenzake chini ya mwembe kuliko akitazama kioo kidogo.

Cheti cha masomo kama haya kina uzito gani?

Kanisani kina uzito ule dayosisi inaokubali kukipa. Kwa serikali mambo hayajatulia: mapema mwaka 2016 kanuni zilizopendekezwa nchini Kenya kutaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia ziliondolewa baada ya makanisa kupinga, wakati Rwanda, kwa sheria ya 2018, ilidai viongozi wa kidini wawe na shahada, na baada ya mkasa wa Shakahola wa 2023, wa vifo vya wafuasi wa mhubiri mmoja, mjadala umerudi Kenya kwa nguvu mpya. Shahada ikitakiwa, wahubiri wa maeneo kama Ishiara ndio watakaoachwa nje kwanza, ingawa ndio wanaohitaji mafunzo zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu cha kwanza, kundi linapaswa kuuliza ni chuo gani chenye idhini kitakachoyahesabu masomo hayo iwapo mmoja wao atataka kuendelea hadi stashahada, na kupata jibu hilo kwa maandishi.