Ulimi Ukiteleza Hewani

Mtangazaji anayetamka neno la aibu bila kukusudia aombe radhi: hapohapo, kwa sentensi fupi, na mara moja tu. Hilo ndilo jibu langu. Ningependa kila anayeshika maiki katika jiji la Dodoma awe nalo mkononi kabla hajalihitaji, kwa sababu siku likimtokea hatakuwa na nafasi ya kufikiri. Ninamwandikia yeye, na ninamwandikia pia msikilizaji wa Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini ambaye redio yake huwaka tangu alfajiri watoto wakijiandaa kwenda shule. Naye anahitaji kujua adai nini, na nini asidai.

Wapo wanaopinga. Wanasema asiyekusudia hana kosa, na asiye na kosa haombi radhi. Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini imechanganya lawama na maumivu. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala iliyojaa, hukukusudia, na bado unasema samahani kabla hata hujamwona uso. Huko si kukiri uovu. Unamwambia kwamba umeona kilichompata. Mama aliyekuwa amekaa na mkwewe sebuleni neno lile likapita kati yao haulizi nia ya mtangazaji ilikuwa nini. Anataka kujua kama huko studio kuna mtu anayejua kwamba yeye yupo.

Lugha yetu ina mtego wake. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo silabi mbili zikibadilishana nafasi, au konsonanti moja ikikalia kiti cha nyingine, kinachotoka mara nyingi ni neno kamili, na baadhi ya maneno hayo hayatamkwi mbele ya wakubwa. Akili huandaa neno la mbele wakati mdomo ungali kwenye la nyuma, na sauti ya neno linalokuja huweza kuchomoza kabla ya zamu yake. Uchovu huongeza hatari. Haraka huongeza hatari. Hofu ya kukosea nayo huongeza hatari.

Ushahidi wa hofu hiyo upo London. Tarehe 6 Desemba 2010, muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, James Naughtie wa kipindi cha Today cha BBC Radio 4 alikuwa akimtaja Jeremy Hunt, aliyekuwa Waziri wa Utamaduni. Sauti ya kwanza ya cheo cha waziri ikarukia jina lake la ukoo, likatoka tusi ambalo Waingereza wengi hulihesabu kuwa zito kuliko mengine. Naughtie akakohoa, akaendelea kusoma huku akipambana na kicheko, na baadaye katika kipindi hichohicho akaomba radhi. Mambo yangeweza kuishia pale. Lakini kama saa moja baadaye mwenzake Andrew Marr, katika kipindi cha Start the Week cha kituo hichohicho, alianza kulizungumzia tukio lile, na ulimi wake ukateleza palepale. Kosa moja likawa mawili kwa sababu tu lilijadiliwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutolieleza kosa. Usiseme ulitaka kutamka nini ikatokea nini. Usimtanie mwenzako studio, wala usimwache yeye akutanie. Kicheko ndicho kinachoumiza zaidi, maana humwambia aliyekwazika kwamba fadhaa yake ni burudani yako. Ninajua kicheko cha fadhaa hakizuiliki kirahisi. Fundi mitambo makini huujua uso wa mtangazaji wake, na akiona kimeshamshika humfungia maiki na kupandisha wimbo au tangazo. Sekunde ishirini za muziki hazijawahi kumkwaza mtu.

Maneno yenyewe yawe haya au yanayofanana nayo: "Msikilizaji, ulimi umeteleza na limetoka neno lisilofaa. Ninaomba radhi. Habari sahihi ni hii." Kisha soma sentensi yote upya, polepole, uendelee na kazi. Usiseme "kama kuna yeyote aliyekwazika". Maneno hayo yamezoeleka mno katika redio na majukwaa yetu, na mimi nayaona kuwa ni njia ya kukwepa: yanamsukumia msikilizaji kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Wala usirudie radhi kila baada ya wimbo. Aliyefungua redio dakika kumi baadaye hakusikia neno lile, na sasa atawauliza watu lilikuwa neno gani.

Wakazi wa Dodoma tuna mfano wa karibu wa ufupi huo. Bungeni, mbunge akitoa neno la kuudhi, kiti humtaka afute kauli. Husimama, akasema anaifuta, na mjadala ukasonga mbele. Redio ingefaa kujifunza wepesi huo, ingawa mambo haya mawili hayalingani. Mbunge anafuta kauli aliyoikusudia, tena kwa kuamriwa. Mtangazaji aliyeteleza hana kauli ya kufuta, kwa sababu hakuwa na msimamo wowote katika neno lile. Anachodaiwa ni radhi, na akisubiri kuamriwa, nusu ya thamani yake imeshapotea.

Bunge linanikumbusha mtelezo mwingine usio na tusi hata kidogo. Msimu wa bajeti, kati ya Aprili na Juni, wasomaji wa habari mjini hapa hutamka "Mheshimiwa" mara nyingi kwa siku. Weka "Marehemu" mahali pake, mbele ya jina la mtu aliye hai, uone. Neno hilo si chafu, lakini nyumbani kwa mtu huyo simu zitaanza kulia na wazee watashtuka. Hapa radhi ya sentensi moja haitoshi. Sahihisha papo hapo kwa kusema wazi kwamba mheshimiwa yupo hai, kisha mhariri ampigie mhusika au familia yake kabla hawajapiga wao, na masahihisho yasomwe tena katika taarifa ya habari inayofuata. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: mtelezo uliowakwaza wasikilizaji kwa jumla humalizwa na mtangazaji mwenyewe, ila mtelezo uliomgusa mtu aliyetajwa jina, au kabila, dini, ulemavu au msiba wa watu, ni mzigo wa kituo kizima.

Vipindi vya salamu vina hatari ya aina yake. Humo mtangazaji husoma kwa sauti jumbe za simu ambazo hajaziona kabla, na wapo watu wanaotunga majina ambayo yakisomwa haraka hugeuka matusi. Soma kimoyomoyo kwanza, ujumbe mzima, pamoja na jina la mtumaji. Ukishanaswa, omba radhi kama ungeteleza mwenyewe, wala usimshutumu mtumaji hewani. Shutuma ndiyo zawadi aliyokuwa akiitafuta.

Kuna mahali radhi haifai kuombwa, na hapa ningewasihi wasikilizaji watulie. Lafudhi si kosa. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi r na l, na aliyekulia katika mojawapo anaweza kusema wananchi wamepiga "kula" bila kumvunjia mtu heshima. Mwalimu wa redio amfundishe taratibu, lakini asilazimishwe kujidhalilisha hewani kwa sababu ya alikozaliwa. Majina ya kigeni nayo yasomwe kwa utulivu jinsi yalivyo. Aprili 2016 tetemeko la ardhi liliua watu katika eneo la Kumamoto, Japani. Msomaji wa habari hana haja ya kukwepa jina la mahali penye msiba, wala ya kuliombea radhi. Akilisoma bila kusita, wasikilizaji wengi watasikia jina la mahali na si kingine.

Sasa tutenganishe mtelezo na yasiyo mtelezo, kwa kuwa kuna wanaojificha nyuma ya ulimi. Machi 2021 jijini Nairobi, watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walimlaumu mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofani, kana kwamba ni yeye aliyejitakia. Kituo kiliomba radhi na watangazaji wakapoteza kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikatoza faini ya shilingi milioni 1 za Kenya na kukisimamisha kipindi kwa miezi 6. Hapo ulimi haukuteleza. Yale yalikuwa mawazo, yakasemwa kwa dakika kadhaa na watu zaidi ya mmoja. Kwetu, Septemba 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliifungia Wasafi FM kwa siku 7 kwa lugha isiyofaa katika vipindi vyake. Lugha ambayo ni mtindo wa kipindi haiwezi kutetewa kwa hoja ya bahati mbaya. Ukitaka kujua kama ni mtelezo, mtazame aliyesema mara baada ya kusema. Aliyeteleza hushtuka.

Kuchelewa nako kuna gharama. Julai 29, 2020, mwandishi wa BBC alitamka hewani neno la kibaguzi dhidi ya watu weusi alipokuwa akieleza shambulio lililotokea Bristol. Hakuteleza, alikuwa akinukuu, na shirika likautetea uamuzi huo. Malalamiko yakapita 18,600, mtangazaji Sideman wa Radio 1Xtra akajiuzulu, na ilipofika Agosti 9 mkurugenzi mkuu Tony Hall akaomba radhi. Radhi iliyokuja siku 11 baadaye haikuweza kufanya kazi ambayo ya siku ya kwanza ingeifanya. Kama shirika kubwa kiasi hicho lilikuwa na hoja ya kihariri na bado likalazimika kurudi nyuma, kituo kidogo chenye neno lililotoka kwa bahati mbaya kinasubiri nini?

Nina neno pia kwa wanaosimamia utangazaji. Agosti 2020, wakati wa maandalizi ya Uchaguzi Mkuu, TCRA iliziamuru Clouds FM na Clouds TV kuomba radhi, kisha zisimamishe matangazo kwa siku 7, kwa kutangaza taarifa za wagombea ambazo Tume ya Uchaguzi haikuwa imezithibitisha. Shauri lile halikuwa la mtelezo wa ulimi. Lakini likishakaa katika kumbukumbu za watangazaji, kila mmoja hujiuliza kama neno "samahani" litahesabiwa kuwa ungamo la kosa. Mtangazaji anayeogopa hivyo atanyamaza na kuomba Mungu kwamba hakuna aliyerekodi. Uingereza msimamizi wa utangazaji, Ofcom, mara nyingi huhesabu shauri kuwa limekwisha pale kituo kilipoomba radhi haraka na kuchukua hatua. Marekani, mwaka 2012, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi uliotolewa dhidi ya kituo cha televisheni cha Fox kwa sababu kituo hakikuwa kimeonywa mapema kwamba hata neno moja la kupita lingeadhibiwa. Ningependa Kamati ya Maudhui ya TCRA itamke wazi kwamba radhi ya papo hapo humpunguzia aliyeteleza adhabu, au kumwondolea kabisa. Vituo vingekuwa wepesi wa kusema ukweli, na wasikilizaji ndio wangefaidika.

Baada ya radhi ipo kazi ambayo husahaulika. Fundi mitambo aandike saa na dakika ya tukio. Kipande kile kiondolewe kabla ya marudio ya usiku, na kiondolewe pia katika ukurasa wa YouTube wa kituo. Rekodi kamili, hata hivyo, isifutwe. Itunzwe kwa mhariri, kwa sababu akija mlalamikaji au msimamizi, rekodi ndiyo itakayoonyesha kwamba ulikuwa mtelezo na kwamba radhi iliombwa. Matangazo ya mubashara yenye wapiga simu wengi yafaa yapitishwe kwenye kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache. Kama kituo hakimudu kununua, mpiga simu azungumzwe naye kwanza nje ya hewa.

Na wewe msikilizaji uliyeumia, ukaona kimya au kicheko badala ya radhi, usianzie kwenye makundi ya WhatsApp. Klipu unayoisambaza inalipeleka neno lilelile kwa watoto wa wengine, na mtu aliyetajwa ndani yake anaumizwa upya kila inapofunguliwa. Kiandikie kituo kwanza: taja jina la kipindi, tarehe, saa, maneno uliyosikia, na unachotaka kifanyike. Usipojibiwa, au jibu lisipokuridhisha, peleka barua hiyohiyo TCRA, ambayo Ofisi yake ya Kanda ya Kati ipo hapahapa Dodoma, ukiomba ifike Kamati ya Maudhui. Kwa jambo la maadili ya uandishi unaweza pia kwenda Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari kilichoanzishwa mwaka 1995, ambacho husuluhisha wananchi na vyombo vya habari bila kwenda mahakamani. Ambatisha nakala ya barua yako ya kwanza na jibu la kituo kama lipo. Na kama mtangazaji aliomba radhi palepale, liandike hilo pia katika malalamiko yako, tena mwanzoni.