Alama za Jengo la Kijani na Bili ya Umeme

Mfumo wa LEED wa Marekani hulipa jengo alama kwa kuokoa maji na nishati, kwa vifaa vilivyotumika, hata kwa maegesho ya baiskeli! Katika toleo la 2009, alama 40 zilitosha kupata cheti, na 80 zilifikia daraja la juu, Platinum. Ila alama za nishati zilitolewa zaidi kwa hesabu za michoro, kabla bili ya kwanza haijafika.

Mwaka 2009, Guy Newsham na wenzake wa Kanada walichambua takwimu za majengo 100 yenye cheti. Kwa wastani yalitumia nishati pungufu kwa asilimia 18 hadi 39 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Hata hivyo, asilimia 28 hadi 35 yalitumia zaidi kuliko majengo ya kawaida ya aina yake, na daraja la cheti halikuleta tofauti kubwa.

Kabla ya kulipia cheti cha ukumbi au zahanati, kamati ikubaliane na mfadhili nani atasoma mita kila mwezi.