Alama ya Wino Katika Utumbo

Mkulima wa Muleba anajua kuwa fukusi hula mgomba kutoka ndani. Ukiutazama kwa nje huoni kitu. Uvimbe mdogo wa kansa katika utumbo mpana ni hivyo hivyo. Dalili yake mojawapo ni damu katika choo, na wengi wetu husema ni bawasiri tu, tukanyamaza. Nenda zahanati mapema. Mgonjwa wa Kagera huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Zamani daktari alipasua tumbo na kuupapasa utumbo kwa vidole. Siku hizi baadhi ya hospitali hupasua kwa matundu madogo, kwa msaada wa kamera. Mgonjwa hupona upesi, lakini vidole vimebaki nje. Je, akikata mahali pazima?

Kwa hiyo kwanza hupitishwa mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa. Uvimbe ukionekana, ukuta wa utumbo ulio karibu nao huchomwa sindano ya wino mweusi wa kaboni, mahali kadhaa. Uvimbe wenyewe hauchomwi. Wino hudumu miezi mingi. Tena lazima iandikwe umechomwa upande gani wa uvimbe; bila maandishi hayo, alama yenyewe yaweza kumpoteza daktari wa upasuaji.