Chai ya Artemisia na Ushuhuda wa Siku Saba



Katika maombi ya fedha ya robo hii, sharika kadhaa zimeomba miche ya artemisia ili ziwagawie wagonjwa wa malaria majani ya chai. Sababu inayotolewa ni moja: dawa ya mseto yenyewe imetokana na mmea huu. Ni kweli. Ila tutazame ilivyotokana.

Kule China, mwaka 1969, mtafiti Tu Youyou na wenzake walianza kupekua maandiko ya tiba za kale. Walikamua dawa zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200 na kuwajaribia panya wenye malaria. Artemisia ilionyesha nguvu, halafu majibu yakawa hayaeleweki. Tu akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4, kinachoagiza mmea ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akashuku kuwa moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwezi Oktoba 1971 panya wake wakasafishika vimelea vyote. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe kuona kama ina madhara, ndipo wagonjwa wakapewa. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2015.

Kumbe mzee wa kale alisema kweli, na bado ilibidi apimwe! Kuua vimelea kwenye sahani ya maabara ni mwanzo tu. Hata jiki inaua, na hakuna anayeinywa.

Sasa chai. Nchini Kongo (DRC) wagonjwa wa malaria waligawanywa, wengine wakapewa chai ya artemisia, wengine kwinini. Matokeo yalichapishwa 2004. Baada ya siku 7, waliopona kwa chai walikuwa 74 katika kila 100, kwa kwinini 91. Wiki zilizofuata, wengi wa kundi la chai malaria iliwarudia. Huyo aliyepona siku ya saba akisimama kanisani kushuhudia, hasemi uongo. Tatizo ni kwamba wiki ya nne hatumwiti tena mbele, na akiwa mtoto wa miaka miwili huenda hatuna wa kumwita.

Tatizo ni dozi. Lita moja ya chai iliyopimwa na watafiti ilikuwa na takriban sehemu moja ya tano tu ya dozi ya siku, na majani ya shamba hili hayalingani na ya shamba lile. Dozi pungufu huwazoesha vimelea dawa, na tayari usugu wa aina hiyo umethibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu Kagera. Shirika la Afya Duniani lilirudia mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani haya kwa malaria.

Kwa hiyo bustani za chai hazitapata fedha za mradi. Wafadhili wetu watuelewe: hatuwadharau waganga wa tiba asili. Usharika wenye mzee anayejua dawa, kwa idhini yake, ulete tawi lenye majani na maua, likaushwe ndani ya gazeti, na karatasi inayotaja mahali, mwezi wa kuvuna, sehemu inayotumika na namna inavyoandaliwa. Jina la mzee liandikwe juu kabisa, maana ujuzi ni wake. Tutaziwasilisha Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili. Wenye homa waende zahanati wakapimwe.